SOMO: Bustani ya mbele ya nyumba inayotoa maua mwaka mzima bila mbolea wala dawa ya dukani (Tanga na mwambao)

Naandika hili ili mtu akiniuliza tena nimtumie kiungo tu, nikaendelee na kazi zangu. Haipiti wiki hajaja mtu na picha ya bogenvilia imenenepa, kijani kinang'aa, ua hata moja hakuna, na swali ni lilelile: "Niongeze mbolea gani?" Usiongeze. Bustani nyingi za huku hazitoi maua kwa sababu zimeshiba. Mmea ulioshiba naitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) na maji huzaa majani, hauna haraka ya kutoa ua.

Niko Chumbageni, udongo wangu kichanga. Walio Sahare na Raskazone wana upepo wa chumvi, nitawagusia. Walio Lushoto mtaniwia radhi, huko kuna baridi na mna maua yenu. Na kwa hapohapo: ile miche mizuri inayoteremshwa kutoka Lushoto, yenye vichwa vikubwa vya buluu, msinunue. Joto la Tanga litaimaliza kabla hujaizoea.

HATUA YA 1: Jua. Kutwa nzima, au isipungue nusu ya siku. Chini ya mwembe panda kitu kingine.

HATUA YA 2: Shimo. Futi moja na nusu kwenda chini, upana huohuo. Usichimbe ukiwa umeuegemea ukuta. Fundi akimaliza kujenga hufukia palepale saruji, chokaa na vipande vya mawe ya matumbawe. Sogea hatua moja nzima.

HATUA YA 3: Mimea. Vinka ndiyo punda wa bustani: ile fupi, ua la waridi au jeupe lenye doa jekundu katikati, haichagui udongo na haipumziki. Asili yake Madagaska. Ina sumu, kwa hiyo wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni waipande mbali. Bogenvilia kwa uzio na geti. Iksora, kile kichaka cha maua ya vishada, kwa mstari wa njiani. Pentasi kama unataka vipepeo, na huyo ni wa kwetu Afrika Mashariki. Taji la miiba na waridi wa jangwani kwa wanaosahau kumwagilia. Mwasumini karibu na dirisha la chumba cha kulala, sina haja ya kueleza kwa nini. Karibu na bahari anza na bogenvilia na vinka, hizo chumvi ya upepo zinaivumilia. Mvuti (lantana) usipande hata ukipewa bure. Maua yake mazuri, lakini ndege wanakula vitunda na kusambaza mbegu, na kuutoa shambani kwa jirani ni kazi ya miaka.

HATUA YA 4: Samadi. Someni polepole, hapa ndipo nilipounguza mstari mzima wa iksora.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi ni moto. Ina naitrojeni nyingi, na inapooza hutoa joto na hewa ya amonia inayochoma mizizi. Ukiitia shimoni siku unayopanda, mche utakaa vizuri siku chache, kisha ncha za majani zitakauka na kuwa kahawia kuanzia pembeni. Wewe utadhani ni kiu, utaongeza maji, maji yatayeyusha zaidi, mche unakwenda. Kwa hiyo lundika kwanza, changanya na majani makavu au pumba, lowesha, funika kwa majani ya mgomba au turubai, geuza kila baada ya wiki mbili, ngoja miezi mitatu. Ya ng'ombe na ya mbuzi ni ya upole zaidi, lakini nayo iozeshe, la sivyo unapanda magugu yote aliyoyala ng'ombe.

Utajuaje imeiva? Chimba katikati ya lundo, ingiza mkono. Ukisikia joto, bado. Inuse: ikinuka banda la kuku, bado. Ikiwa nyeusi, inavunjika kwa vidole na inanuka udongo, fanya jaribio la mwisho: jaza kopo, mwaga mbegu za mchicha. Zikiota na vijani vya kwanza vikabaki kijani, tumia. Vikiungua, funika tena.

ONYO la kwanza: kiasi. Debe moja la samadi iliyoiva kwa shimo, uichanganye na udongo wa juu. Baada ya hapo bogenvilia ipate koleo moja kwa mwaka, masika yakianza. Iksora na mwasumini mara mbili, masika na vuli. Vinka usiipe kitu.

ONYO la pili: usirundike kwenye shina. Acha nafasi ya vidole vinne, shina likilala ndani ya samadi yenye unyevu linaoza gome.

ONYO la tatu: anayekwambia "kidogo tu mbichi haidhuru" muulize kwanza iksora zake ziko wapi.

HATUA YA 5: Panda masika yakishika, jioni. Mwagilia.

HATUA YA 6: Maji. Mwezi na nusu wa mwanzo usiache mche ukauke. Baada ya hapo badilika. Bogenvilia iliyoshika mizizi iache mpaka majani yalegee kidogo, ndipo uipe maji mengi kwa mara moja, kisha uisahau tena. Kiu kidogo na jua kali ndivyo vinavyoisukuma itoe maua, na ndiyo sababu inawaka wakati wa kaskazi, Januari na Februari, majani mengine yanapolia. Iksora na mwasumini hazitaki mateso hayo, zipe maji kila udongo unapokauka juu. Wenye visima: onja maji. Ukisikia chumvi ulimini, iksora nayo inaisikia.

HATUA YA 7: Matandazo. Makumbi ya nazi au majani makavu, unene wa vidole vitatu, yasiguse shina kwa ajili ya mchwa.

HATUA YA 8: Mkasi. Bogenvilia, mwasumini na iksora hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Maua ya mzunguko mmoja yakishapukutika, kata matawi yaliyochanua, punguza kama theluthi, na usiguse tena mpaka yachanue. Hapo ndipo watu wanapokosea na vijana wa bustani. Kijana anakuja kila Jumamosi na mkasi mkubwa, anaunyoosha uzio wa iksora upate pembe nne, na wewe unamlipa. Tazama kwa karibu alichokiangusha chini: kwenye ncha ya kila kijiti kuna kishada cha vitumba, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Umelipia maua ya wiki ijayo yaende jalalani.

Vinka yenyewe hudondosha maua, haihitaji kuchumwa. Ikirefuka na kuwa na upara miguuni, ikate katikati, itachipua.

HATUA YA 9: Wadudu. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa mstari, usihangaike nao, tazama juu, upande wa chini wa majani machanga: kuna vidukari au vidung'ata, na sisimizi wanakwenda kuramba utamu wao. Twanga kilo 1 ya majani mabichi ya mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, chuja, tia sabuni ya kipande kidogo ili ishike. Nyunyiza jioni, maana jua linaiharibu dawa na mchana nyuki wako kazini. Rudia baada ya wiki. Mwarobaini haushindi siku hiyohiyo, kwa hiyo asije mtu kesho kuniambia wadudu bado wapo.

Maswali karibuni.

---

Mdau_Kange: Mkuu somo zuri. Bogenvilia yangu ina majani mengi ila haitoi maua, niweke mbolea gani?

Mwandishi: Soma mstari wa tatu.

Mdau_Kange: Nimepitia haraka mkuu, niko kazini. Nipe kwa kifupi tu.

Mwandishi: Kwa kifupi: hakuna mbolea. Punguza maji. Kwa kirefu: hatua ya 4, 6 na 8. Na mimi si mkuu, ni mama wa watu.

Kilimo_Kisasa: Mama, kwa heshima zote, haya ya kusubiri lundo miezi mitatu yamepitwa na wakati. Kijiko cha urea kila mmea, wiki mbili unaona mabadiliko.

Mwandishi: Mabadiliko utayaona, ya majani. Urea ni naitrojeni asilimia 46 na hakuna kingine cha kulisha ua humo. Kwenye kichanga chetu mvua moja inaiteremsha chini, kesho unanunua tena. Kichwa cha somo kinasema bila mbolea ya dukani. Ukifungua somo lako la urea nitapita kusoma.

Bi Mwanaidi: Shikamoo dada, au marahaba kama nimekuzidi. Mimi niko Ngamiani, nina mwasumini wa marehemu mama, mkubwa umepanda mpaka paani. Maua yanatoka juu tu, siyafikii. Naogopa kuukata ukafa. Na nataka mche wake kwa ajili ya binti yangu aliyeolewa Pangani.

Mwandishi: Shikamoo bi mkubwa. Usiukate kabla hujapata mtoto wake. Tafuta tawi la chini linalopinda, likwangue gome kidogo upande wa chini chini ya kifundo, lilaze kwenye kijishimo, lifukie hapo kati na uweke jiwe juu, ncha ibaki nje inaangalia juu. Liwe na unyevu kipindi chote cha masika. Siku ukilivuta kidogo likagoma, lina mizizi: kata upande wa mama yake, mpelekee binti. Asumini wetu huu wa vikuba kwa kawaida hatoi mbegu, kwa hiyo njia ni hiyo au vijiti. Ukishapata miche miwili mitatu, kata mkubwa ubaki kimo cha kifua, mvua zikianza. Utachipua chini na maua utayachuma umesimama.

Bi Mwanaidi: Allah akujaze kheri. Na mimi nikupe langu: vitumba tuvichume alasiri vingali vimefumba, tuvifunge kwenye jani la mgomba lenye maji maji. Usiku vinafumbuka vyenyewe ndani, vyeupe pe. Ukichuma vilivyokwisha fumbuka, asubuhi ni kahawia.

Mwandishi: Nimeandika. Ahsante bi mkubwa.

Raskazone_Bw: Iksora zangu zina majani ya njano lakini mishipa imebaki kijani. Nimesoma hatua ya 2, ziko mbali na ukuta, maji ni ya bomba. Nimewaza ni mdudu lakini sioni kitu. Nimeongeza majivu, naona inazidi.

Mwandishi: Swali zuri, na umechunguza kabla ya kuuliza. Njano yenye mishipa ya kijani kwenye majani machanga ni njaa ya madini ya chuma. Si kwamba chuma hakipo. Upande wenu chini ni mawe ya matumbawe, udongo umejaa chokaa, na penye chokaa nyingi mzizi wa iksora hauwezi kukivuta. Majivu nayo yana uchokaa, ndiyo maana inazidi. Yaache, yapelekee migomba. Futua udongo wa juu kuzunguka mmea bila kukata mizizi, weka mboji ya majani iliyoiva kabisa, halafu matandazo juu. Majani yaliyokwisha kuwa njano usiyatarajie, angalia yanayochipua. Yakitoka njano tena, hamishia iksora kwenye chungu kikubwa na hapo chini weka bogenvilia, yenyewe haijali.

Raskazone_Bw: Nimeelewa. La pembeni: ni kweli rangi ya bogenvilia si ua?

Mwandishi: Kweli. Kile cha rangi ni jani lililogeuka. Chungulia katikati ya yale matatu, utaona vijineli vyembamba vyenye mdomo mweupe. Ua ni hicho. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi wakati ua lenyewe limekwisha zamani.

Amani_Mlimani: Mbona hujataja ua la kwetu Usambara, Saintpaulia? Wazungu wanaliweka madirishani dunia nzima na lilitoka mkoani Tanga.

Mwandishi: Sijalitaja kwa sababu jua la bustani ya mbele litaliua. Ila umesema kweli: mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyepeleka kwao, likapewa jina lake. Kwenye baraza yenye kivuli na mwanga linachanua karibu mwaka mzima. Maji lipewe kwa chini, kwenye kisahani, majani yasilowe. Nusu saa baadaye mwaga yaliyobaki, tusifuge mbu. Na tafadhali msiling'oe msituni, kule linapungua. Omba jani moja kwa mwenye nalo, chomeka kikonyo kwenye mboji yenye mchanga, jani hilo litazaa mimea.

Mdau_Kange: Mama, mbuzi wa jirani wanakula kila kitu. Kuna ua wasilolila?

Mwandishi: Hili sasa ni swali. Vinka hawaipendi, ni chungu. Taji la miiba wanaliheshimu. Bogenvilia ndogo wanaila, ikikomaa miiba wanaiacha, kwa hiyo izungushie miiba mwaka wa kwanza. Halafu ongea na jirani.

Mdau_Kange: Na konokono wale wakubwa wa masika? Mtu kaniambia nimwage chumvi kuzunguka bustani.

Mwandishi: Usithubutu. Chumvi itamuua konokono na bustani pamoja. Saa 2 usiku baada ya mvua, tochi na ndoo, uwaokote kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki. Wape bata wa mtu.