Laptopu mpya, kibodi inakataa: jaribu haya kabla fundi hajashika bisibisi

Dada mmoja alinifuata stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, laptopu mkononi, mfuniko bado una nailoni. "Kaka, nimepigwa." Ndugu yake alimnunulia Bujumbura, na kila akiandika Kigoma inatoka "Kigo,q". Fundi wa kwanza alishamwambia kibodi imekufa, aache mashine na elfu themanini. Nilibonyeza vitufe viwili, nikaandika Kigoma, ikatoka Kigoma. Akacheka, halafu akakasirika, maana alikuwa ameshalipa elfu kumi ya "kuangaliwa".

Kwa hiyo somo la leo ni hilo. Fuateni kwa mpangilio, msiruke.

Hatua ya 1: Andika "Kigoma, Mwanza"

Kitufe hakijui herufi iliyochorwa juu yake. Kinachopeleka ndani ni mahali kilipo tu, halafu Windows ndiyo inayoamua mahali hapo paitwe A au Q. Windows ikiwa imewekewa mpangilio wa nchi nyingine, utabonyeza hiki upate kile, na kibodi yenyewe ni nzima kabisa.

Sisi wa Kigoma tuko mlangoni mwa jambo hili. Burundi na Kongo wanatumia mpangilio wa Kifaransa, na mashine zinavuka kila siku. Zile za mtumba zinazopandia Dar nyingine zilitoka Uingereza au Ujerumani. Fungua mahali popote pa kuandikia, andika maneno hayo mawili, usome kilichotoka:

- "Kigo,q" maana yake Windows iko kwenye Kifaransa. Utaona pia ukibonyeza 1 inatoka &, na 2 inatoka é. Namba hazitoki mpaka ushike Shift.
- "Mwanya" badala ya Mwanza ni Kijerumani. Z na Y zimebadilishana viti.
- Maneno yametoka sawa, ila alama ya @ inakataa na badala yake inakuja alama ya kufungua usemi? Hapo ni Uingereza na Marekani wanavutana. Kwa Wamarekani @ iko juu ya 2, kwa Waingereza iko karibu na Enter. Wengi hugundua siku ya kujaza barua pepe kwenye fomu ya mkopo wa chuo, saa tano usiku.

Dawa: shika kitufe chenye alama ya dirisha, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi. Orodha ya lugha itatokea, endelea kubonyeza mpaka ufike inayolingana na herufi zilizochorwa kwenye vitufe vyako. Kama haimo, fungua mipangilio (dirisha na I), ingia sehemu ya muda na lugha, iongeze, kisha ile usiyoitaka uifute. Usipoifuta itarudi siku vidole vitakapoteleza.

Angalia na ile skrini ya kuingilia. Pale chini kulia pana herufi kama ENG au FRA. Ukikataliwa neno la siri ambalo una uhakika nalo, tazama hapo kwanza kabla hujaanza kumshuku mtoto.

Hatua ya 2: Herufi zinatoka namba

Ukiandika "kujua" ikatoka "2414a", Num Lock, kitufe cha kuwasha na kuzima namba, imewaka. Laptopu ndogo zisizo na namba za pembeni huzificha ndani ya herufi: U ni 4, J ni 1, K ni 2, M ni 0. Bonyeza Num Lock, au shika Fn pamoja nayo. Imekwisha.

Hatua ya 3: Kibodi kimya kabisa, au inajibu kwa uvivu

Umewahi kuegemeza kidole kwenye Shift ya kulia huku unafikiri cha kuandika? Ukiishika sekunde 8, Windows inakuuliza kama unataka ipuuze mibonyezo mifupi. Mtu anabonyeza "ndiyo" bila kusoma, na kuanzia hapo ukigusa kitufe haraka hakuna kinachotokea. Msaada huo umewekwa kwa watu ambao mikono yao inatetemeka, si ubovu. Shift mara 5 mfululizo nayo inaleta ndugu yake, ambaye hufanya Shift au Ctrl ibaki kama imeshikiliwa. Vyote viwili vizimwe kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, upande wa kibodi.

Hatua ya 4: Iwashe upya kweli

Kuizima na kuiwasha kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu Windows za siku hizi huhifadhi sehemu ya kazi yake ili ziwake haraka, na kosa linahifadhiwa nalo. Chagua "Restart". Ikishindikana, izime, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, kisha washa.

Hatua ya 5: Windows au kibodi?

Hapa ndipo unapomjua mwenye kosa. Azima kibodi ya waya, ichomeke kwenye USB. Ikiandika vizuri, Windows kwa jumla iko salama. Halafu zima, washa, na papo hapo gonga F2 (Dell, Acer, Asus), Esc kisha F10 (HP) au F1 (ThinkPad) uingie kwenye ukurasa wa BIOS, yaani programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Huko Windows haijafika. Vitufe vikifanya kazi BIOS lakini Windows vikagoma, futa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kibodi: dirisha na X, chagua "Device Manager", tafuta kibodi, iondoe, washa upya, itajiweka yenyewe. Vikigoma hata BIOS, ni kibodi au waya wake.

Na hapo bado usimpe fundi wa mtaani. Rekodi video fupi kwa simu, chukua risiti, rudi dukani. Ikishafunguliwa skrubu, mwenye duka atasema wewe ndiye uliyeharibu, na hutakuwa na jibu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Kasulu:* Shikamoo. Mimi Ctrl na C haikubali kunakili, lakini herufi zote ziko sawa. ThinkPad.

Marahaba mwalimu. Soma kitufe cha pembeni kabisa kushoto. Kwenye ThinkPad nyingi pale ni Fn, na Ctrl ni ya pili. Kidole chako kimezoea mashine nyingine. Ukishindwa kuzoea, BIOS yake ina sehemu ya kuvibadilishana.

*Mwanafunzi, Kibondo:* Yangu inaandika vizuri Kiingereza, ila ng'ombe inatoka "ngómbe" na ng'ambo inatoka "ngámbo".

Swali zuri, nilisahau kuliweka juu. Umewekewa mpangilio wa Marekani ule wa kimataifa, ambao kwake alama ya ng' ni ya kuwekea alama ya mkazo juu ya irabu. Kwa haraka, gonga alama hiyo, kisha nafasi, kisha endelea. Kwa kudumu, rudi hatua ya 1, uchague wa Marekani wa kawaida. Kiswahili hakihitaji zaidi ya huo.

*Mama lishe, Kibirizi:* Mwanangu amemwagia chai ya maziwa. Nimeambiwa niizike kwenye mchele.

Mama, mchele upike. Izime sasa hivi, chomoa chaja, igeuze kifudifudi kama hema, kivulini penye upepo, si juani. Usiiwashe "kuangalia kidogo". Chai yenye sukari ikikauka inanata, hivyo hii peke yake ndiyo ninayoshauri ipelekwe kwa fundi, aisafishe kabla haijawashwa.

*Kijana, Ujiji:* Nimeuziwa kama mpya. Vitufe vya katikati vimeinuka na ile sehemu ya kusogezea kishale haibonyezeki.

Hiyo si kibodi, ni betri imevimba chini yake. Usiichaji tena, usiikandamize, irudishe leo. Na mpya hiyo, mdogo wangu, ni mpya kwako tu.