Kabla ya fomula, waache wabishane kwanza

Walimu wenzangu mnaoanza takwimu na wanafunzi, msikimbilie fomula ya wastani siku ya kwanza. Andika ubaoni 4, 5, 5, 6, 10 uwaulize tu, ukiambiwa uchague namba moja iwawakilishe hawa wote utachagua ipi na kwa nini? Hapo watabishana, na ubishi ndo somo lenyewe. Wakishapata wastani 6 na namba ya katikati 5, futa ile 10 weka 60, ila wakisie kwanza kabla ya kushika kalkuleta. Wastani unaruka mpaka 16 wakati ya katikati imebaki palepale 5, na namba nne kati ya tano ziko chini ya huo wastani, sasa unamwakilisha nani?

Modi, yaani namba inayojirudia mara nyingi zaidi, mi huwa naipitia fasta, haina shida.

Halafu wape 6, 6, 6, 6, 6 na 0, 1, 6, 11, 12. Wastani uleule, namba ya katikati ileile, lakini wakizichora kwa nukta kwenye mstari wa namba wenyewe watakwambia hazifanani, ndo uingize sasa mambo ya mtawanyiko, yaani namba zimeachana kiasi gani, toa ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa kwanza, standadi divieshen, kile kipimo kingine cha mtawanyiko, itasubiri.