Mvinyo wa Dodoma na chakula chake

Kwetu Hombolo zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mvinyo si kitu cha kungojea Krismasi. Ila watu wengi wanauharibu mezani.

Chukua mwekundu wa zabibu za Makutupora. Una ukakasi, ule wa kukausha ulimi kama umekula zambarau changa. Ukakasi huo unataka mafuta, kwa hiyo upe mbuzi choma, tena mbavu, na chumvi tu. Pilipili iache pembeni, maana mvinyo huu huizidisha ukali mpaka usisikie ladha nyingine. Na usiamini maneno ya kwamba mwekundu haupozwi. Joto la sebuleni Dodoma saa nane mchana si joto la Ulaya! Mimi chupa naitia kwenye friji nusu saa, naitoa, naifungua, kisha ndiyo nageuza nyama.

Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc ni mchachu kidogo, na uchachu wake unafanya kazi ya ndimu. Upoze hasa, uunywe na sato wa kukaanga akiwa bado anatoa mvuke. Ukishakamulia samaki ndimu nyingi, mvinyo utapwaya.

Ule mtamu, ambao shemeji zangu wanaupenda, unakwenda na karanga za kukaanga zenye chumvi. Usiupe wali nyama.

Mlenda? Nimeujaribu na mivinyo yote mitatu. Kunywa maji.

Chupa ikibaki, rudisha kizibo, weka kwenye friji, imalize kesho.