Jinsi ya kusoma utafiti wa jeni za herpesi na ubongo kuvimba bila kuingizwa mjini

Tuelewane kwanza, kirusi tunachoongelea ni HSV-1, hiki hiki cha malengelenge ya mdomoni, wengi wetu tunacho kimejificha kwenye neva za usoni na hakimsumbui mtu, ila mara chache sana kinaingia kwenye ubongo, hasa zile sehemu za pembeni usawa wa masikio, na hapo ndo unaona homa, degedege, mtu anaongea vitu havieleweki. Bila dawa, kama asilimia 70 hufariki.

Kirusi kina jeni kama 80 hivi. Sasa kila ripoti utakuta wanasema tumetoa jeni fulani, panya wakapona, uvimbe ukapungua. Usikimbilie kusema basi jeni hiyo ndo inavimbisha ubongo! Tafuta grafu ya idadi ya virusi mle kwenye ubongo, uilinganishe na picha za seli za kinga zilizojazana. Virusi ni vile vile ila uvimbe umeshuka, hapo pana hoja. Vyote viwili vimeshuka? Bado hujaambiwa kitu, maana kirusi kisipozaliana uvimbe utatoka wapi.

Chukua jeni ya kirusi iitwayo ICP34.5. Mwaka 1990 watafiti Joany Chou, Bernard Roizman na wenzao walionyesha kwamba kirusi kisicho na jeni hiyo, hata ukikidunga kwenye ubongo wenyewe wa panya kwa dozi kubwa, hakiui. Sababu ni kwamba seli ikishtuka imevamiwa, protini yake ya PKR inazima utengenezaji wa protini zote ili kirusi kikwame, na ICP34.5 inakuja kuuwasha tena, halafu inaikamata Beclin-1, protini ya seli inayoanzisha usafi wa ndani, ili seli isijisafishe. Yaani kazi yake kubwa ni kumpa kirusi nafasi ya kuzaliana, uvimbe unafuata nyuma. Ndo maana T-VEC, dawa ya saratani ya ngozi iliyoruhusiwa Marekani 2015, imetengenezwa kwa HSV-1 iliyotolewa jeni hiyo.

Angalia pia kama waliirudisha jeni wakaona ukali umerudi. Hili wengi wanaliruka na mimi linaniudhi, kwa sababu upande wa pili wa DNA ile ile ya ICP34.5 imelala jeni nyingine, ORF P, ukikata moja umeshagusa na mwenzake.

Aina ya panya nayo usiipuuze, C57BL/6 ni sugu, BALB/c wanazidiwa mapema, na kudunga ubongo si sawa na kupitishia puani.

Kwa binadamu sasa mambo yanageuka kidogo. Kuanzia 2006 timu ya mtafiti Jean-Laurent Casanova ilionyesha kuwa baadhi ya watoto waliougua walikuwa na hitilafu kwenye jeni zao wenyewe, UNC93B1 na TLR3, intaferoni, protini ya mwili ya kupambana na virusi, haitoki vizuri, kwa hiyo ripoti ikimsema kirusi tu bila kumgusa mgonjwa, isome kwa tahadhari.

Na ukifika wodini, jeni ya kirusi ya kuijua ni UL23. Dawa yenyewe, acyclovir ya mshipa, kila baada ya saa 8 kwa siku 14 hadi 21, inawashwa na protini ya jeni hiyo ya kirusi, jeni ikiharibika dawa inagoma, japo hilo hutokea zaidi kwa wenye kinga dhaifu.