Kutia cherehani mafuta: brashi kwanza, chupa baadaye

Cherehani nyingi ninazoletewa hapa Majengo hazikukosa mafuta, ila zilitiwa mafuta juu ya uchafu. Vumbi la kitambaa likichanganyika na mafuta huwa tope, mashine ikawa nzito, na mwenyewe akaongeza mengine. Halafu hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Chuma kikavu kikipitiwa na masika moja tu, kutu hiyo.

Maelezo haya ni ya cherehani nyeusi ya chuma, ya mkono au ya miguu. Kama yako ni ya umeme, chomoa waya na usome kijitabu chake kwanza, kwani baadhi hazitakiwi kutiwa mafuta nyumbani.

1. Nunua mafuta ya cherehani yenyewe, meupe na mepesi. Ya kupikia na ya nazi yabaki jikoni, maana yakikaa hugeuka gundi. Ramadhani moja mama mmoja aliniletea mashine ambayo gurudumu halizunguki kabisa, na nguo za Idi za wanawe zimeshakatwa. Alitia mafuta ya kupikia. Nilitia mafuta ya taa matunduni, mbali na moto, nikangoja, nikazungusha kidogo kidogo hadi ute wa manjano ukatoka. Nikapangusa, ndipo nikatia yanayofaa.

2. Toa uzi, sindano na mguu unaobana kitambaa, kisha fungua skrubu za bamba lililofunika meno yanayosukuma kitambaa. Katikati ya meno utakuta vumbi limeshindiliwa kama pamba ya mto. Lichokoe kwa sindano kubwa, umalizie kwa brashi. Usipulize kwa mdomo: mate ni maji.

3. Hapa ndipo penye kazi. Toa bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na kikombe chake. Nyuma yake kuna pete iliyobanwa na vishikizo viwili. Piga picha kwa simu, kisha vifungue. Pete ikitoka, chuma chenye umbo la mwezi mwandamo kitakuangukia mkononi. Pangusa mfereji kinamozunguka, mara nyingi huwa kuna kipande cha uzi kimejificha humo. Pitisha ukucha taratibu kwenye ncha ya mwezi: ikikwaruza, ndiyo inayokukatia uzi. Tia tone moja mferejini, urudishe kama picha inavyoonyesha.

4. Kila tundu la juu, tone moja. Laza mashine, utie tone kila mahali chuma kinaposugua chuma, na kwenye kanyagio pia. Usiguse kwa mafuta visahani vya kubana uzi, mkanda, wala mpira wa kujazia bobini. Vitateleza.

5. Rudisha bamba, sindano na mguu. Zungusha bila uzi dakika mbili tatu, upanguse, kisha teremsha mguu juu ya kitambaa chakavu hadi asubuhi kinyonye yaliyozidi. Kabla ya nguo ya mtu, shona kwanza kitambaa hicho mpaka mshono utoke safi. Mara moja sikungoja, tone likaangukia kola ya kanzu nyeupe ya bwana harusi. Nilishona kola mpya usiku huohuo.

Ukishona kutwa, tone la mferejini ni la kila siku. Kwingine mara moja kwa wiki. Isiyotumika itie kila mwezi na uifunike kwa kanga kuukuu. Nailoni hufungia unyevu ndani.