Jinsi ya kuendesha mwaliko wa mawazo ya kubadilisha eneo la katikati ya mji (mfano: Mnara wa Saa, Arusha)

Habari wadau. Kila ikitajwa habari ya kupendezesha katikati ya mji, iwe hapa Arusha au kwa majirani zetu Moshi, lazima mtu arushe ile picha ya kompyuta, nyasi za kijani, anga la bluu, mzungu anatembeza mbwa, watu wanashangilia wiki moja halafu kimya. Mi nafanya kazi ya usanifu wa maeneo ya wazi na siku hizi sehemu kubwa ya kazi imekuwa kusaidia vikundi na ofisi kukusanya mawazo ya wananchi kabla mchoro haujachorwa, kwa hiyo nawawekea hapa jinsi ya kufanya. Natumia Mnara wa Saa kama mfano kwa sababu kila mtu wa Chuga, yaani Arusha, anapajua, sio kwamba kuna mradi pale ninaoutangaza, msije mkanipigia simu kuulizia tenda.

Msimamo wangu ni huu: mawazo mazuri yanakuja ukiuliza swali dogo, ukamuuliza mtu anayeshinda pale, na ukiwa unajua tayari nani ana uwezo wa kulifanyia kazi jibu. Hatua zote hapa chini zinatumikia hayo matatu.

Hatua ya 1: Jua kila kipande ni cha nani

Watu wanairuka hii kwa sababu inachosha. Simama pale kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa uangalie: barabara zinakutana, kuna Posta, kuna hoteli, kuna maduka ya Goliondoi, kuna Boma Road inayopanda kuelekea Makumbusho, kuna mitaro, nguzo za umeme, vyemba vya maji, mabango. Wewe unaona eneo moja ila kiofisi ni vipande vya watu tofauti. Barabara za mjini nyingi ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na zile kubwa za TANROADS (wakala wa barabara kuu), kwa hiyo ulizia barabara ipi ni ya nani usikisie. Mabomba ni AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha), umeme TANESCO, nyaya za intaneti ni za makampuni ya simu, mabango na vibanda ni Jiji, na kibaraza cha mbele ya duka mara nyingine kiko ndani ya kiwanja cha mtu binafsi japo sote tunapita kama njia.

Chukua picha ya juu kutoka Google Earth au chapisha ramani ya OpenStreetMap kwenye karatasi ya A3, kaa na afisa mipango miji wa Jiji, paka rangi kila kipande kwa mwenyewe. Mwisho utabaki na rangi moja ndogo, yaani sehemu ambayo inaweza kubadilika bila kusubiri ofisi nne zikubaliane. Hiyo ndo unayoiombea mawazo. Kisiwa chenyewe cha katikati ya kipilefti kwa mfano kinavutia sana machoni ila kukifikia lazima uvuke magari, sasa ukiweka benchi pale unamwambia bibi akimbizane na vifodi (daladala).

Hapohapo anza kuongea na mtendaji wa kata na diwani, na omba nafasi kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Usipofanya hivyo mapema utakuja kuulizwa mbele ya watu umetumwa na nani.

Na kama Halmashauri yenyewe ndo inaendesha na ina nia ya kumpa mshindi kazi ya usanifu, hilo ni suala la manunuzi ya umma, linapita NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao), kitengo cha manunuzi wahusishwe kabla hujatangaza. Mwaliko wa mawazo tu, usioahidi kazi, ni mwepesi zaidi, na kwa vikundi vya wananchi mi nashauri mbakie hapo.

Hatua ya 2: Hesabu watu

Kabla hujauliza watu wanataka nini angalia wanafanya nini. Jan Gehl, msanifu wa Denmark, alijijengea jina kwa kazi hii, alianza kuhesabu watembea kwa miguu Copenhagen kwenye mtaa wa Strøget ambao ulifungwa kwa magari mwaka 1962, na njia yake haihitaji mashine. Chagua sehemu moja, hesabu wanaopita mstari wa kufikirika kwa dakika 10, zidisha kwa 6 upate makadirio ya saa nzima. Rudia asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na Jumamosi.

Wanaopita tu hawatoshi ila. Fanya na hesabu ya pili, zunguka eneo lote ukiandika nani amesimama, nani amekaa na amekaa kwenye nini, wanawake wangapi, wazee wangapi, watoto wangapi. Hii ya pili ndo inatoa siri. Utakuta watu wamekaa kwenye ngazi za majengo, ukingo wa bustani, kreti la soda, kwenye pikipiki yenyewe, na hapo tayari umeshajua uhaba wa pa kukaa bila kumuuliza mtu. Ukiona wanaume wamejaa na wanawake wanapita haraka bila kusimama, andika hivohivo, ni taarifa kubwa kuliko maoni hamsini ya kwenye fomu.

Angalia na jua. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai watu wanalifuata jua, Januari na Februari wanalikimbia, kwa hiyo mtu atakayekuja kupendekeza paa la kufunika eneo lote inabidi umuonyeshe watu wa Julai. Na maji pia, mji umelala kwenye mteremko wa Meru kwenda kusini, masika maji yanashuka na takataka zake zote, nenda siku ya mvua upige picha yanapita wapi. Picha hiyo utaiweka kwenye mwaliko.

Hatua ya 3: Andika swali

Hapa ndo penye kazi, kaeni siku kadhaa mkibishana.

Swali baya: "Toa wazo bunifu la kuibadilisha Mnara wa Saa iwe ya kisasa." Ukiuliza hivi utaletewa chemchemi ya maji yenye taa, sanamu ya twiga, na skrini kubwa, kwa sababu mtu akisikia "kisasa" anakumbuka picha za Dubai. Sio kosa lake, umemuuliza hewa.

Swali zuri lina mtu ndani yake na lina kipimo. Kwa mfano: "Mtu anayemsubiri mwenzake Mnara wa Saa akae wapi kwa dakika 30 bila kulazimika kununua kitu?" Au: "Muuza kahawa na kashata, mng'arisha viatu na mama anayeuza shanga wafanyeje kazi eneo hilihili bila kumziba mtu wa kiti cha magurudumu?" Au: "Mwanafunzi anayetoka Makumbusho kuelekea Sokoine Road avukie wapi?" Maswali ya namna hii fundi seremala anaweza kujibu, konda anaweza kujibu, na msanifu mwenye leseni naye anapata pa kutumia akili yake.

Chagueni moja, mkizidi mawili. Mkiweka kumi majaji hawataweza kulinganisha chochote na chochote.

Jaribuni swali kwa watu watatu ambao hawajui mradi, mmoja awe anauza pale. Akijibu kitu tofauti kabisa na mlichotarajia badilisheni maneno, yeye mwacheni.

Hatua ya 4: Masharti, yaingie kurasa mbili

Weka ramani yenye rangi, picha za mvua, hesabu za watu, swali, tarehe ya mwisho, na mambo yasiyobadilika (miti inabaki, mnara unabaki, mtaro hauzibwi, gari la zimamoto lazima lipite). Weka kiwango cha pesa hata kama ni kidogo. Mkiandika kwamba kilichopo kinatosha mabenchi na kivuli tu, mtapata mawazo ya mabenchi na kivuli, na ndo mnayoyahitaji.

Sehemu inayoleta ugomvi ni umiliki. Kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 aliyebuni kazi ndo mwenye haki tangu alipoitengeneza, hata kama hajaisajili popote. Nimeona fomu zimeandikwa "kazi zote zitakuwa mali ya mwandaaji", hapo mnawafukuza watu wenye mawazo mazuri maana wao ndo wanaosoma fomu. Andikeni tu kwamba mwandaaji ana ruhusa ya kuonyesha na kuchapisha kazi zote kwa jina la mbunifu, na wazo likitumika kuna malipo au makubaliano ya pembeni.

Halafu namba za simu na majina mnayokusanya yana sheria yake pia, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kusanyeni mnachohitaji tu, msiombe namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya mtu anayeleta wazo la benchi jamani.

Hatua ya 5: Kupokea

Ukisema "tuma PDF kwa barua pepe" umeshachagua washindi, ni wanafunzi wa chuo na ofisi za usanifu. Fungueni milango mingi: mchoro wa kalamu kwenye karatasi uliopigwa picha, vois noti ya WhatsApp isiyozidi dakika 3, mfano wa maboksi na udongo, maandishi nusu ukurasa. Kule Nairobi UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, kupitia mpango wao wa Block by Block waliwakalisha vijana wa Kibera na mchezo wa kompyuta wa Minecraft wakaupanga uwanja wa Silanga, ikafanya kazi kwa sababu kijana anayeona aibu kushika penseli hana aibu kupanga matofali kwenye skrini.

Lakini meza ndo inaleta watu kuliko yote. Weka meza palepale, ramani kubwa, kalamu za rangi na kijana mmoja mchangamfu wa kuchora anachosimuliwa. "Shikamoo mama, samahani, wewe unakaa hapa kila siku, hapa pakiwa pako ungefanya nini?" Mama ataanza kwa kusema mimi sijui mambo ya uhandisi mwanangu, halafu ataongea nusu saa. Mchoraji anachora, anamuonyesha, mama anamsahihisha, mnamwandikia namba ya risiti. Hiyo ni kazi kamili iliyowasilishwa, ina hadhi sawa na ya kompyuta.

Msiipange wakati wa masika. Na wiki sita zinatosha, mkiacha miezi mitatu kila mtu atasubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya 6: Majaji

Watano au saba, namba isiyogawanyika kwa mbili. Msanifu aliyesajiliwa na bodi, mtu wa mipango miji, mfanyabiashara wa eneo, dereva au konda, mtu anayetumia kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe, na angalau nusu wanawake. Mfadhili asikae, akikaa wengine wote watakuwa wanamwangalia yeye usoni.

Kazi zipelekwe kwao kwa namba bila majina, vois noti mziandike kwanza maana mji huu tunajuana sauti. Faida ya namba ilionekana Marekani mwaka 1981, shindano la mnara wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam lilileta kazi 1,421, zikaamuliwa bila majina, ikashinda ya Maya Lin, binti wa miaka 21 aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yale. Angeandika jina na umri wake juu ya karatasi sidhani kama wangefika hata kuisoma.

Kabla ya majaji, fundi na mkadiriaji majenzi wapitie kila kazi waweke makadirio ya gharama. Jengo la Sydney Opera House mchoro wake ulishinda 1957 ukiwa haujapigiwa hesabu za kutosha, wakakadiria dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa 1973 kwa milioni 102. Wao walikuwa na bahati nasibu ya serikali ya kuchangishia. Sisi tunategemea bajeti ya Jiji.

Msilazimishe mshindi mmoja. Mara nyingi kivuli kizuri kiko kwenye kazi namba 14 na benchi zuri liko namba 31, wapeni wote zawadi, wakutanisheni waunganishe.

Hatua ya 7: Majibu halafu jaribio

Ndani ya wiki mbili kila aliyeleta apate jibu: wazo lako limeingia, au halijaingia kwa sababu hii. Bandikeni kazi zote kwenye eneo lenyewe, hata zilizokosa, na aliyetuma vois noti ajibiwe kwa vois noti.

Kisha jaribuni kwa vitu vya kuazima. New York mwaka 2009 walifunga kipande cha Broadway pale Times Square wakaweka viti vya plastiki vya ufukweni, watu wakakaa, mwaka uliofuata meya akatangaza kwamba inabaki hivyo. Kwa Arusha ombeni kibali cha Jumamosi kadhaa, mafundi wa mtaani watengeneze mabenchi ya paleti, kivuli kiwe cha turubai, mistari ya njia ichorwe kwa chokaa. Kubalianeni kwa maandishi nani anafungua asubuhi, nani anafagia jioni, mabenchi yanalala wapi (walinzi wa majengo ya jirani wanasaidia sana ukiwapa heshima yao na posho kidogo), na msimuondoe muuzaji yeyote kupisha jaribio, mpeni nafasi iliyochorwa kwenye mpango.

Hesabuni watu tena saa zilezile za Hatua ya 2. Kama benchi la kwenye kona halijakaliwa Jumamosi mbili mfululizo lisogezeni mita tano kuelekea kwenye jua muone, kabla hamjamlipa mtu kulijengea zege.