Nani Ashike Nini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Webina

Webina haifanani na mkutano wa kawaida wa mtandaoni. Katika mkutano wa kawaida karibu kila aliyeingia huweza kufungua maikrofoni na kamera yake, ilhali katika webina, kama ile ya Zoom, mhudhuriaji husikiliza na kutazama tu mpaka aruhusiwe kusema. Kwa hiyo anayeandaa semina ya walimu wa skuli za Unguja na Pemba, ambao si rahisi wote kupanda boti kwa siku moja, inampasa aamue mapema ni nani atakuwa mwenyeji, mwenyeji mbadala, mwanajopo au mhudhuriaji, na ayaandike maamuzi hayo kwa majina ya watu, si kwa vyeo vya idara.

Linaloleta taabu zaidi huku kwetu ni kuchanganya heshima na mamlaka ya kiufundi. Waandaaji wengi huona ni utovu wa adabu mkurugenzi au mgeni rasmi asipopewa uenyeji wa webina. Lakini mwenyeji ndiye anayeanzisha matangazo na kuyamaliza, anayewanyamazisha watu, anayewapandisha wahudhuriaji kuwa wanajopo na kuwatoa wavurugaji. Hizo ni kazi za mtu aliyetulia mbele ya kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho, wala haziwezi kufanywa na mtu anayehutubia. Mgeni rasmi anatosha kuwa mwanajopo, kwani mwanajopo huonekana, husikika na huweza kuonyesha mada zake. Uwezo huo wa kuonyesha skrini nao ni bora ufungwe kwa wote mpaka zamu ya mzungumzaji ifike.

Kila mwanajopo hupewa kiungo chake mwenyewe, tofauti na kile kinachosambazwa kwa wahudhuriaji katika makundi ya WhatsApp, naye aambiwe waziwazi asikigawe, kwa sababu atakayekitumia ataingia joponi. Kinyume chake pia hutokea: mgeni rasmi hubonyeza kiungo cha kundi, akajikuta mhudhuriaji asiye na sauti. Hapo mwenyeji atalazimika kumpandisha, na kupandishwa huko humtoa mtu kwa muda mfupi kisha humrudisha, jambo ambalo kwa mtandao dhaifu huweza kuchukua muda kuliko hotuba yenyewe ya ufunguzi. Wahudhuriaji nao waombwe kuandika majina yao kamili kabla ya kuingia. Mwalimu aliyeazima simu ya mwanawe huonekana kwa jina la mtoto, na anaponyoosha mkono mwenyeji hamjui.

Kuna tofauti moja ambayo wengi hawaijui. Mwenyeji mwenza huteuliwa webina ikiwa imeshaanza, naye hawezi kuianzisha. Mwenyeji mbadala huwekwa wakati wa kupanga ratiba, na huweza kuifungua iwapo mwenyeji hakutokea. Wote wawili wanahitajika, na ni busara wasikae kisiwa kimoja. Umeme wa Unguja huvuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni, pwani ya Dar es Salaam, na wa Pemba, tangu 2010, hutoka Tanga kwa waya wake, hivyo hitilafu ya waya mmoja haizimi visiwa vyote viwili. Ikiharibika gridi ya bara hesabu hiyo haisaidii kitu, na kila mmoja wao awe na kompyuta iliyojaa chaji na kifurushi cha simu.

Maswali yapewe msimamizi wake, asiye mwenyeji. Ni yeye atakayeamua lipi lijibiwe kwa sauti na lipi kwa maandishi, na kabla ya siku hiyo iamuliwe kama wahudhuriaji wataona maswali yote au yaliyojibiwa tu. Mimi napendelea kuruhusu maswali yasiyo na jina, maana mwalimu anayetaka kuuliza habari za posho mbele ya wakubwa wake hatauliza kwa jina lake. Soga ya wahudhuriaji kwa wahudhuriaji ni afadhali ifungwe, kwani salamu za watu mia hufukia kila tangazo muhimu.

Majaribio yafanywe katika kikao cha mazoezi, ambacho wahudhuriaji hawakioni, na kila mwanajopo aingie kwa kiungo na kifaa kile kile atakachotumia siku yenyewe. Kurekodi kukabidhiwe mtu mmoja, na wahudhuriaji wajulishwe tangu kujiandikisha kwamba watarekodiwa, kwa kuwa majina, namba na anwani zao ni taarifa binafsi, ambazo Tanzania imezitungia sheria ya ulinzi ya mwaka 2022. Hatimaye ikubaliwe ni nani atakayefunga. Mwenyeji anayelazimika kuondoka mapema amkabidhi mwenzake uenyeji kwanza, na asibonyeze kitufe cha kumaliza kwa wote, kwa sababu kitufe hicho humtoa hata mzungumzaji aliye katikati ya sentensi.